Bibi aliuza mbuzi, akafunga mizigo, siku ya treni hakuitika jina lake. Nini kilimzuia?

#1 MjukuuWaKatumba
Wakuu salaam. Nina jambo limenikaa kichwani tangu tumzike bibi mwaka jana, nalileta hapa maana nyumbani kila ninayemuuliza ananyamaza.

Bibi mzaa mama alitoka Burundi 1972 akikimbia mauaji, upande wa Nyanza-Lac, akakaa kidogo Kigoma halafu wakapelekwa Katumba, Mpanda. Pale ndipo alipotulea. Alikuwa analima mihogo na maharage, na ada za shule za wajukuu tisa zilitoka kwenye maharage hayo hayo. Mtoto akizaliwa kwenye ukoo, hata kama ni Sumbawanga, bibi alifika na debe la maharage kichwani, akaosha mtoto siku arobaini, akarudi. Enzi zile ilikuwa mpaka upate kibali ndiyo utoke kambini, na alikuwa anapanga foleni ya kibali kuanzia saa kumi alfajiri.

Usiku kabla ya kuzima koroboi alikuwa anaita majina yetu mmoja mmoja, nawe lazima uitike. Ukijifanya umelala anakuja kukutikisa.

Sasa, 2008 watu wa 1972 wakaambiwa mchague, kurudi au kuomba uraia. Bibi akajiandikisha kurudi, yeye na mdogo wake wa kiume. Akauza mbuzi wote saba, akagawa majembe, akafunga kinu kwenye kitenge. Nilikuwa darasa la sita, nilimsindikiza stesheni mwenyewe. Jina likaitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi amekaa juu ya mzigo wake anatazama reli. Babu mdogo akapanda akilia. Bibi akajitwisha kinu, tukarudi nyumbani, jioni akapika kama kawaida.

Hakusema neno mpaka anakufa. Babu mdogo alifariki kule 2013, bibi hakwenda hata kuzika. Kilimzuia nini?

#2 KokotoNgumu
Alipiga hesabu akagundua mbuzi wameuzwa kwa hasara. Uzi ufungwe.

#3 DadaMishamo
Pole kwa msiba mleta mada. Ila rekebisha: Katumba haikuwa kambi, ni makazi. Kambi ni zile za miaka ya tisini kule Kigoma na Ngara, mahema na mgao wa unga. Sisi tulipewa pori, tukafyeka wenyewe, tukajilisha wenyewe. Ulyankulu ilianza 1972, Katumba 1973, Mishamo 1978. Nimezaliwa Mishamo, mtu akisema kambi damu inachemka.

Kuhusu swali lako sioni fumbo. Wajukuu tisa wanakula maharage yake, ataenda wapi?

#4 Kasulu_Kwetu
@DadaMishamo lakini alishajiandikisha na mbuzi kauza! Wajukuu hawakuzaliwa siku ile stesheni. Kuna kitu kilitokea kati ya kuuza mbuzi na kuitwa jina.

Halafu treni gani hiyo inayokwenda Burundi? Reli inaishia Kigoma.

#5 MzeeWaReli
@Kasulu_Kwetu mleta mada hajasema treni ilifika Burundi. Njia ya Mpanda inapanda mpaka Kaliua, pale inakutana na reli ya kati, ndipo unageuka magharibi kwenda Uvinza na Kigoma. Waliokuwa wanarudi walishushwa Kigoma, wakapanda magari mpaka mpakani. Stesheni ya Katumba ipo mpaka leo. Ile misafara naikumbuka: milango, vitanda, kuku, mpaka mabati ya nyumba waling'oa.

#6 Wakili_Kivuli
Niongeze takwimu kabla hatujapotea. Makazi yale matatu yalikuwa na watu kama 218,000. Walipoulizwa, karibu asilimia 80 walichagua uraia wa Tanzania, waliobaki wakachagua kurudi. Kwa hiyo bibi yako alikuwa kwenye kundi dogo, na hiyo tu inaonyesha nia yake haikuwa ya mchezo.

Dau langu mimi ni ARDHI. Nyanza-Lac na Rumonge ni nchi ya michikichi, udongo wa dhahabu. Walipokimbia 1972 mashamba yaligawiwa wengine, mengine na serikali yenyewe. Sheria ya ardhi ya kule ya 1986 ilimlinda aliyekaa kwenye shamba miaka 30. Hesabu: 1972 mpaka 2008 ni miaka 36. Serikali iliunda tume ya ardhi 2006 kusuluhisha, na mara nyingi suluhu ilikuwa kugawana nusu kwa nusu na uliyemkuta. Waliokosa kabisa wakapelekwa vijiji vipya vya wasio na ardhi. Inawezekana kabisa habari ilifika Katumba wiki ile ile kwamba itongo lenu, yaani shamba la ukoo, lina mwenyewe.

#7 MjukuuWaKatumba
@Wakili_Kivuli asante, hili sikulijua. Ila babu mdogo alipata kipande, alituma salamu kwamba kuna nafasi ya nyumba ya dada yake. Bibi akajibu "ndiyo, ndiyo" mpaka mjumbe akachoka.

#8 KokotoNgumu
Hiyo "ndiyo ndiyo" naijua, hata mke wangu anayo.

#9 Bint_Malindi
Salaam kutoka Maskati. Nyanya yangu aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akiwa na mimba ya mama. Huku Omani kalea watoto na wajukuu kwa Kiswahili tupu, Kiarabu chake mpaka kafa ni cha sokoni. Mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, urojo, vyote kwake.

Yeye alirudi. Mwaka 1996 wanawe walimchangia nauli, wakampeleka mpaka mlangoni kwao Malindi, Unguja. Akatoka mama mmoja mpole tu, akamkaribisha. Nyanya akaomba maji, akanywa, akashukuru, akasema twendeni. Hakuuliza chochote. Alikaa siku kumi na mbili zilizobaki ndani ya nyumba ya wageni akishona kofia. Kwa hivyo mimi nahisi bibi yako aliyaona yale maji ya mlangoni kabla ya kuyanywa.

#10 Msambweni_Makonde
Hapa Kwale nasi tuna zetu. Nyanya alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, miaka ya mkoloni. Wamakonde wa Kenya tumekaa bila kitambulisho mpaka ile 2016 watu walipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kwa Rais ndio serikali ikatutambua. Nyanya alikuwa hawezi kutembea, akatoa unga wa safari. Alipopata kitambulisho hakukitumia popote, alikifunga kwenye leso. Shida yake ilikuwa wajukuu: mtoto amefaulu lakini hana cheti cha kuzaliwa, laini ya simu anasajiliwa na jirani. Mbona ninyi mnatafuta siri? Mwanamke akishalea anafuata watoto wako wapi, basi.

@MjukuuWaKatumba, kwani bibi alipata uraia wa huko?

#11 MjukuuWaKatumba
@Msambweni_Makonde hapo ndipo panaponichanganya zaidi. Mama, mama mdogo na mjomba waliomba wakapewa uraia 2010. Bibi kwa kuwa alikuwa kwenye orodha ya wanaorudi, hakuwa kwenye orodha ya uraia. Mjomba alimwambia waende ofisini wakaeleze, akawa anasema keshokutwa. Amekufa akiwa mkimbizi, na wajukuu wote ni Watanzania.

#12 DadaMishamo
Sahihisho lingine, samahani, mimi ni mwalimu. 2010 walitangaziwa uraia, watu 162,000 na ushee. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Hiyo miaka minne katikati msiiruke! Tuliambiwa tutahamishwa, tutawanywe mikoa mingine, msijenge, msiendeleze mashamba. Watu walilala kwenye nyumba zinazovuja wakiogopa kununua bati. Baadaye wakaacha mpango huo, ndipo vyeti vikatoka.

Kwa hiyo bibi hakuitika kule, na huku hakuitika pia. Hiyo siyo woga wa Burundi peke yake.

#13 Kasulu_Kwetu
Hapo umenena dada. Mimi ni Muha, na kwetu Warundi wa 1972 wapo wengi walioingia vijijini kimya kimya, lugha inafanana, wakawa Waha. Shemeji yangu aligundua kwenye msiba wa baba yake kwamba jina la ukoo waliokuwa wakilitumia ni la jirani aliyewapokea. Wapo waliojiandikisha mwaka ule kwa majina yasiyo yao. Je, jina lililoitwa stesheni lilikuwa la bibi kweli? Labda hakuitika kwa sababu hakuitwa.

#14 MjukuuWaKatumba
Duh. @Kasulu_Kwetu hili sijawahi kulifikiria. Kadi ilikuwa na jina la Kikristo na la ukoo, mimi nilizoea kusikia watu wanamwita Mama Minani tu. Hata mchungaji kwenye mazishi alisema Mama Minani. Minani ni mjomba wangu, wa pili kuzaliwa baada ya mama mkubwa.

#15 Mtoto_wa_Buyenzi
Amahoro. Mimi niko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, Waswahili wenyewe, ndio maana nawaelewa. Nimesoma kimya toka juzi, ila #14 imenifanya niandike.

Ndugu yangu, Minani hawezi kuwa wa pili. Kwa Kirundi watoto hupewa majina kwa hesabu. Nyandwi ni wa saba, kutoka indwi. Minani ni wa NANE, kutoka umunani. Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, anayewafuata ni Ciza. Mama mkubwa wako na mjomba Minani, kati yao wapo wangapi?

#16 MjukuuWaKatumba
Kati yao hakuna mtu. Mama mkubwa alikuja akiwa msichana wa miaka kama 14, mjomba alikuja mgongoni. Halafu mama kazaliwa Katumba 1976, na mama mdogo 1980.

Ngoja kwanza.

#17 KokotoNgumu
Dah. Samahani kwa mzaha wa mbuzi.

#18 Bint_Malindi
Sita.

#19 Wakili_Kivuli
Jamani tusikimbilie. Miaka ya 1958 mpaka 1971 watoto walikufa sana kwa surua, malaria, kuhara. Mama mwenye mimba nane kubaki na wawili lilikuwa jambo la kusikitisha lakini si la ajabu. Isitoshe majina ya hesabu hurithiwa, mtu anaweza kuitwa Minani kwa sababu babu yake aliitwa Minani. @Mtoto_wa_Buyenzi nipinge kama nakosea.

#20 Mtoto_wa_Buyenzi
@Wakili_Kivuli hujakosea, hutokea. Mimi mwenyewe nina rafiki anaitwa Nyandwi na ni kifungua mimba. Lakini Nyanza-Lac 1972, tuseme ukweli. Uasi ulianza tarehe 29 Aprili kusini, Rumonge, Nyanza-Lac, Bururi, watu wakauawa, halafu jeshi la Rais Micombero likajibu kwa miezi nchi nzima, Wahutu waliosoma, waalimu, wafanyabiashara, mpaka wanafunzi wakatolewa madarasani. Waliokufa wanatajwa laki moja, wengine laki mbili au zaidi. Sisi tunaita Ikiza. Nyumba nyingi ziligawanyika usiku mmoja, huyu kaenda ziwani, huyu milimani, huyu kashikwa.

#21 Msimamizi
Endeleeni kwa heshima. Post mbili za matusi ya kikabila nimeziondoa. Ya tatu nitafunga uzi.

#22 MamaWawili_TX
Niko Texas, familia yetu ilikuwa kambi ya Kigoma, tukaletwa huku 2007 na lile kundi la watu wa 1972. Bibi yangu huku analea watoto wangu wawili mie nikiwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Kiingereza chake ni "no" na "bus". Ana daftari, hajui kusoma, lakini kila mtoto wa ukoo akizaliwa anachora kistari. Siku moja nilihesabu vistari vikazidi watu kwa vinne. Nikamuuliza, akafunga daftari. Sijauliza tena.

@MjukuuWaKatumba ile tabia ya kuita majina usiku nadhani umeshaielewa sasa.

#23 Kasulu_Kwetu
@MamaWawili_TX umenitia baridi. Aliita majina kila usiku akataka kila mtu aitike. Halafu siku ya orodha, lake likaitwa, akanyamaza.

#24 KokotoNgumu
@Kasulu_Kwetu usituletee tamthilia, bibi wa watu alikuwa anahesabu watoto wasiliwe na fisi. Katumba ya miaka hiyo ilikuwa na simba. Bibi yangu Kahama naye alituita majina, na hakukimbia nchi yoyote, alikimbia babu.

#25 DadaMishamo
Simba ni kweli. Mishamo wakati inaanza tembo walilala kwenye mahindi.

#26 MzeeWaReli
Nina swali ambalo vijana mnalizunguka. Mleta mada, babu yako ni nani? Aliyezaa mama yako 1976 ndiye aliyezaa wale nane?

#27 MjukuuWaKatumba
Hapana mzee. Babu ninayemjua alikutana na bibi Katumba, alikuwa mjane kutoka Makamba. Alifariki 1989, kaburi liko nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Baba wa mama mkubwa na mjomba hatajwi. Tulijua "alibaki".

#28 KokotoNgumu
Alibaki au alikufa? Maana hayo ni maneno mawili. Huenda bibi alisikia mzee wa kwanza yuko hai anamsubiri Nyanza-Lac na wake wawili 😂

#29 Bint_Malindi
@KokotoNgumu juzi tu umeomba samahani.

#30 Mtoto_wa_Buyenzi
Dada @Bint_Malindi, amesema kwa mzaha lakini si uongo mtupu. Pale Rumonge kuna mama alirudi kutoka Tanzania 2009, akamkuta mumewe aliyemlilia miaka 37. Ana mke, ana wajukuu, na wanakaa kwenye lile lile shamba. Tume ya ardhi haikujua imgawie nani nini. Mama akajengewa chumba uani, na hao wake wenza sasa wanauza mawese pamoja sokoni. Habari kama hizi zilivuka ziwa haraka kuliko barua. Waliotangulia kurudi walipiga simu Katumba: fulani yuko hai, fulani hayuko.

#31 Wakili_Kivuli
Basi tunazo: shamba, kaburi la mume wa pili, mume wa kwanza, wale sita, wajukuu, jina lisilo lake. Kesi yenye sababu sita hakimu huiahirisha. Mimi bado niko na shamba.

#32 Msambweni_Makonde
Nami bado niko na wajukuu. Wanaume mnapenda mashamba.

#33 DadaMishamo
Mimi naongeza ya saba: kuchoka. Mama yule alihama Nyanza-Lac, akahama Kigoma, akafyeka pori Katumba. Mwaka ule angekuwa na miaka kama 68. Kinu chenyewe kizito.

Na nani alibaki na mihogo yake shambani? Mihogo haivunwi siku moja. Mama yangu alighairi kurudi kwa sababu ya ekari moja ya mihogo, simtanii mtu.

#34 Kasulu_Kwetu
Tukitaja mihogo, udaga wa Katumba hauna mpinzani. Ugali mweupe, unavutika. Ukiupata na sombe (kisamvu) iliyotwangwa na mawese na samaki migebuka, unaweza kusahau hata uraia.

#35 MamaWawili_TX
Usiniue na njaa. Huku sombe tunanunua iliyogandishwa, inatoka Kongo, bibi anaionja anasema hii ni nyasi. Kinu hatuna, aliwahi kutwanga majani kwenye ndoo kwa mpini wa fagio, jirani wa chini akaita polisi.

#36 KokotoNgumu
😂😂😂 Polisi walikula?

#37 MamaWawili_TX
Mmoja alikula.

#38 MjukuuWaKatumba
Wakuu narudi na mrejesho. Jana nilimpigia mama mkubwa. Nikazunguka na habari za mvua, za mbolea, halafu nikamuuliza: mama, eti Minani maana yake wa nane? Kimya. Halafu akasema, "Nani amekutuma kuhesabu watu?" Nikasema nimesoma mahali. Akasema watu hawahesabiwi kama mbuzi, akaniuliza nimeshapeleka mtoto chanjo, akakata.

Nikampigia mjomba Minani. Yeye anacheka, anasema alipewa jina la mwanamume aliyewavusha mto Malagarasi, na kabla ya hapo aliitwa jina lingine ambalo halikumbuki. Nikamwuliza nani alimwambia, akasema mama. Mama yupi? Bibi? Akasema hapana, dada, yaani mama mkubwa.

#39 Mtoto_wa_Buyenzi
Kutoka Nyanza-Lac kwenda Kigoma huvuki Malagarasi, mto uko kusini huko. Unafuata ziwa au unapita milimani.

#40 MzeeWaReli
@Mtoto_wa_Buyenzi usiwe na haraka. Malagarasi huo huo unaanzia kwenu, unapita mpakani kule mashariki ndipo unazunguka kuja huku chini. Waliokimbia kwa upande ule waliuvuka. Labda hawakutoka Nyanza-Lac moja kwa moja, labda walizunguka. Miezi ile nani alichagua njia?

#41 Wakili_Kivuli
Au mama mkubwa alimtungia mdogo wake hadithi ya kumlaza. Msichana wa miaka 14 aliyeona kila kitu. Mleta mada, kwa maoni yangu shahidi wako ni huyo, wala si bibi. Ila usimbane.

#42 Bint_Malindi
Hata mimi nasema muache. Mpelekee kitenge, kaa naye, menya naye maharage. Akitaka atasema.

Nina suala dogo: ule usiku wa siku ya treni, aliita majina?

#43 MjukuuWaKatumba
@Bint_Malindi aliita. Ninakumbuka kwa sababu aliita na la babu mdogo, ambaye alikuwa kwenye treni. Binamu yangu akaitikia kwa niaba yake, tukacheka, bibi naye akacheka.

Asubuhi alikwenda kwa jirani aliyenunua mbuzi, na pesa zote mkononi, akitaka kuwakomboa. Jirani alikataa, akamrudishia mmoja tu, jike lenye mimba.

#44 KokotoNgumu
Nilisema toka #2 ni mbuzi.

#45 MjukuuWaKatumba
😂 Haya mkuu umeshinda. Nakwenda Katumba mwezi wa saba kujengea makaburi. @MzeeWaReli treni ya Mpanda siku hizi inaondoka Tabora siku gani?

#46 MzeeWaReli
Ratiba hubadilika, ulizia stesheni wiki moja kabla. Beba shuka, Kaliua usiku kuna baridi.

#47 Kasulu_Kwetu
Na udaga. Debe mbili. Nalipia mzigo.